Mwaka Ambao Kuku Walikula Hesabu

Wasikilizaji wapendwa, leo ni Jumapili, tarehe tano Desemba, mwaka 1999. Mezani kwangu hapa studio kuna daftari moja na kikopo kimoja cha majani ya chai. Daftari lina jalada gumu jeusi. Ndani ya kikopo hamna majani ya chai, mna punje za mahindi. Daftari ni la Hironimus Luambano, mkazi wa Bombambili, hapa Songea, ambaye tulimzika Jumatano ya tarehe ishirini na nne mwezi uliopita. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na nane. Punje nitazieleza baadaye.

Narudia kwa wale mliofungua redio sasa hivi. Tunamkumbuka Hironimus Luambano, aliyehesabu ndege katika Hifadhi ya Mkiliwa kwa miaka ishirini. Miaka kumi na mitano ya kwanza alilipwa mshahara. Mitano ya mwisho hakulipwa chochote.

Wengi wenu mnaifahamu Mkiliwa, maili nane kutoka mjini. Ina sehemu tatu: mbuga ya majani, msitu wa miombo, na kinamasi. Mvua za kwanza zinapoanguka mwezi wa kumi na moja, korongo weupe huingia kutoka Ulaya. Asubuhi hula panzi kwenye majani. Jua likiwa kali hushuka kwenye kinamasi kutafuta vyura. Jioni hulala juu ya miti ya miombo. Mwezi wa tatu huondoka. Ndege ni mmoja, na sehemu zote tatu anazihitaji. Naomba mlikumbuke hilo, kwa sababu kesi yote imo humo.

Luambano aliajiriwa Mkiliwa mwaka 1972, askari wa wanyamapori. Mwaka 1979 mkuu wake alimkuta amesimama ukingoni mwa kinamasi akitazama korongo. Akamuuliza wako wangapi. Luambano akajibu, "Wengi, mzee." Mkuu yule akasema, "Wengi si namba." Akaenda zake.

Mkewe, Bibi Lidwina, anasema neno hilo lilimkera wiki nzima. "Alikuwa anakula, halafu anaacha tonge hewani. Wengi si namba, wengi si namba. Nikamwambia Baba Oliva, nenda basi ukawahesabu, tupate kulala."

Akaenda. Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Desemba, mwaka 1979. Tangu hapo kila Jumamosi ya kwanza ya Desemba alikuwa Mkiliwa, kuanzia alfajiri.

Njia yake ya kuhesabu ilikuwa hii. Mtu akiwa na darubini machoni hawezi kuandika. Kwa hiyo alijaza mahindi mfuko wa kulia wa koti. Kila akifikisha ndege kumi, alihamisha punje moja kwenda mfuko wa kushoto. Punje moja, ndege kumi. Jioni alirudi nyumbani, akamwaga mfuko wa kushoto mezani, akahesabu punje, akaandika daftarini.

Mwaka 1990 alirudi amelowa chapachapa, akalala kidogo kabla ya kuandika. Bibi Lidwina akachukua koti kulifua.

"Mimi ndiye niliyewamwagia kuku," anasema. "Mfuko wa kulia na wa kushoto, yote. Nilidhani ni mahindi tu. Na kweli yalikuwa mahindi! Alipoamka akawatazama kuku wale kama mtu anayetazama wezi. Nikamwambia, basi tuwachinje, tutoe punje, tuhesabu. Akafikiri. Nakwambia, alifikiri kweli. Kisha akasema haitafaa, zitakuwa zimechanganyika na za asubuhi."

Rafiki yake Abasi, fundi baiskeli wa Bombambili, asili yake Namasakata kule Tunduru, alimpa ushauri mwingine. "Mzee, andika mia saba. Mwaka jana walikuwa mia saba na kidogo. Nani atakwenda kuwauliza korongo?" Luambano akamjibu, "Abasi, wewe ukiona huna kiraka, unafunga tairi na pancha yake, unamwambia mteja panda twende?"

Ukurasa wa mwaka 1990 ninao hapa. Nausoma kama ulivyo: "Haijulikani. Kuku wamekula hesabu." Pembeni ametia sahihi na tarehe.

Mwaka 1994 wafanyakazi wa serikali walipunguzwa kazini, na Luambano akawa mmoja wao. Alirudisha sare, buti na darubini. Walipomtaka arudishe na daftari, aliwaonyesha nyuma ya jalada muhuri wa duka. Alilinunua mwenyewe. Akaondoka nalo kwapani.

Desemba ya mwaka huo alirudi Mkiliwa kwa baiskeli. Hakuwa na mshahara, hakuwa na sare. Alikuwa na barua ya hifadhi inayomruhusu kuingia siku moja kwa mwaka, na darubini ambayo Abasi aliiokota kwenye mitumba. Jicho moja la darubini hiyo lilikuwa bovu. Luambano alisema korongo si wadogo kiasi cha kuhitaji mawili.

Mwaka 1996 kampuni binafsi iliomba kukausha kinamasi ilime mbegu za mahindi. Ombi lilifika halmashauri likiwa na ripoti ya mtaalamu. Ripoti ilisema kinamasi hakina thamani kwa ndege. Mtaalamu alikaa siku tatu na kuhesabu ndege kumi na wanne. Kikao kilikuwa Februari 1997, na wananchi waliruhusiwa kuingia. Luambano aliingia na daftari lake.

Abasi alikuwepo. Anasimulia kwamba mtaalamu aliomba daftari, akalipekua, akafika mwaka tisini, akatabasamu. "Mzee, hapa umeandika kuku wamekula hesabu. Huu ndio utafiti wenu?"

Ukumbi ukaangua kicheko. "Hata mimi nilicheka," anasema Abasi, "na ni rafiki yangu."

Luambano alisubiri kicheko kiishe. Akasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba mtaalamu asome na namba yake mwenyewe."

"Kumi na wanne."

"Mwezi gani?"

"Agosti."

"Agosti korongo wako Ulaya, wanalea watoto. Umekwenda kanisani Jumatatu, umekuta viti vitupu, umerudi kutuambia Songea hakuna Wakatoliki."

Ukumbi ukacheka tena, na safari hii mtaalamu hakutabasamu. Luambano akaendelea.

"Sasa kuhusu kuku. Mimi kama ningetaka kuwadanganya, ningeanzia hapo. Nafasi ilikuwa wazi na kalamu ninayo. Kuna miaka kumi na minane katika daftari hili na namba kumi na saba. Hizo kumi na saba ziaminini kwa sababu ya ile moja ambayo sikuiandika."

Halmashauri ilikataa ombi la kampuni. Lakini iliweka sharti, nalo ni hili: kila mwaka hesabu ya Desemba iwasilishwe halmashauri. Mwaka wowote ikikosekana, ombi la kampuni litafunguliwa upya. Narudia. Hesabu ikikosekana mwaka mmoja tu, ombi linafunguliwa upya.

Hesabu ya 1997 iliwasilishwa. Ya 1998 iliwasilishwa, korongo mia tisa na kumi, idadi kubwa kuliko zote daftarini. Mwaka huu, 1999, Luambano aliugua homa ya mapafu mwanzoni mwa Novemba. Binti yake Oliva, mwalimu wa shule ya msingi, alikaa naye hospitali. Anasema baba yake aliuliza habari za mvua kila asubuhi. Siku ya mwisho alisema maneno machache. "Msiniandikie namba ya kubuni. Hata kwa huruma."

Alifariki Jumatatu, tarehe ishirini na mbili Novemba. Zilibaki siku kumi na mbili kufika Jumamosi ya kwanza ya Desemba.

Wiki moja baadaye familia ilipokea barua kutoka ofisi ya hifadhi. Ilisema kibali kilikuwa cha marehemu peke yake, na kimekoma pamoja naye. Kibali kipya huchukua siku tisini. Kikao cha halmashauri ni tarehe kumi na nne Desemba. Hesabu hiyo ya siku kila msikilizaji anaweza kuifanya mwenyewe.

Jana alfajiri Bibi Lidwina alifika kwenye geti la Mkiliwa. Alikuwa na Oliva na Abasi. Alivaa nguo zake za msiba, na juu yake koti la mumewe. Askari wa zamu alikuwa Leonce, ambaye zamani alifundishwa kazi na Luambano. Ametuomba tusilifiche jina lake.

"Shikamoo mama. Poleni na msiba."

"Marahaba mwanangu. Tumeshapoa. Fungua."

"Mama, kibali kimeandikwa jina la marehemu. Nina barua hapa."

"Na mimi ninayo, ndiyo hiyo hiyo. Nipeleke polisi saa kumi na mbili jioni, nitakuwa nimemaliza. Asubuhi hii nina kazi."

Leonce anasema alitazama lile koti. Mfuko wa kulia ulikuwa umejaa. Akainua mti wa geti, na kwenye kitabu cha wageni akaandika majina yao matatu, saa waliyoingia, na maneno haya: "Wamekuja kuhesabu. Nimewafungulia mimi."

Walihesabu mara tatu. Oliva alishika darubini, Bibi Lidwina alihamisha punje, Abasi alihesabu peke yake upande wa pili wa kinamasi. Mara ya kwanza walitofautiana kwa ndege thelathini. Mara ya pili kwa kumi. Mara ya tatu walilingana. Jioni walitoka getini, na Bibi Lidwina akamuuliza Leonce kama polisi wamefika. Hawakuwa wamefika.

Leo mchana Bibi Lidwina ameniletea kikopo. Nimezihesabu punje mbele yake. Ziko sabini na tisa. Korongo weupe wa Mkiliwa, Desemba 1999, ni mia saba na tisini. Wamepungua mia moja na ishirini kutoka mwaka jana. Nilimuuliza Bibi Lidwina kama ana wasiwasi kwamba kampuni itaitumia namba hiyo.

"Wataitumia," akasema. "Isome hivyo hivyo."

Nimeisoma hivyo hivyo.

Kwa Bibi Lidwina, kwa Mwalimu Oliva, kwa ukoo wa Luambano na kwa Abasi, kituo hiki kinatoa pole za dhati. Mungu ampumzishe Hironimus mahali pema. Kwenu wasikilizaji nawaachia jambo moja la kutafakari. Katika kazi yako, ni wapi ambapo nafasi iko wazi, kalamu unayo, na hakuna wa kukuuliza? Umeandika nini hapo?

Kikao cha halmashauri ni Jumanne, tarehe kumi na nne Desemba, saa tatu asubuhi. Wananchi wanaruhusiwa kuingia. Daftari litakuwepo, Bibi Lidwina atakuwepo, na kikopo hiki kitakuwepo. Mpaka siku hiyo kitakaa hapa studio, kimefunikwa, mbali na kuku.