Mzee Hezron Munyao Kyule, Mchimba Vyoo wa Kathonzweni (1948–2025)

Mzee tunayemzika leo alizaliwa Kasikeu mwaka wa 1948, mtoto wa tatu wa marehemu Kyule na marehemu Kaluki. Kitambulisho chake kinasema ilikuwa tarehe mosi Januari, kama vitambulisho vya nusu ya rika lake, lakini mama yake alishikilia kwamba ilikuwa wakati wa kuvuna mbaazi, na sisi tunamwamini mama.

Alianza shule hapo hapo Kasikeu mwaka wa 1957, akaacha darasa la sita baba yake alipofariki. Hata hivyo aliandika vizuri kuliko wengi waliomaliza. Biblia yake ya Kikamba imejaa maneno ya kalamu pembeni, na mengine ni ya kubishana na mhubiri.

Mwaka wa 1972 aliajiriwa kama kibarua katika mashamba ya utafiti Kiboko. Alipewa kazi ya kuchimba mashimo ya kwenda chini, yenye kuta zilizonyooka, ili wataalamu washuke kuangalia tabaka za udongo. Alikuwa na jicho la kazi hiyo, na aliipenda.

Alimwoa mama yetu Kalunde tarehe 13 Desemba 1975, kanisani Kathonzweni, walikokuwa wamepata shamba. Walijaliwa watoto watatu: Mbithi, Kanyiva na Ndunge. Mwaka wa 1984 ulikuwa wa njaa. Mvua ya Novemba ilipofika hatimaye, ilisomba kila kilichokuwa vichakani na kukitia mtoni, katika vile visima vya mchanga ambako kila mtu alichota maji ya kunywa. Kanyiva alihara siku tatu. Alikuwa na miaka miwili. Mzee aliwasili kutoka Kiboko akakuta mtoto ameshafunikwa shuka.

Boma lake halikuwa na choo. Mtu aliyelipwa miaka kumi na miwili kuchimba mashimo ya wengine hakuwa amechimba hata moja kwake, na jambo hilo hakujisamehe mpaka mwisho. Wiki moja baada ya kumzika mtoto alichimba futi ishirini, peke yake, bila kuzungumza na mtu. Kisha akaenda kumchimbia jirani.

Alipoacha kazi Kiboko mwaka wa 1996, vyoo ndivyo vikawa kazi yake. Alijiunga pia na wahudumu wa afya wa kujitolea, akawa anapita boma kwa boma kuwahimiza watu wachemshe maji na wanawe mikono kwa sabuni. Aliwachosha wengi. Siku moja mwaka wa 2003 alirudi katika boma alilolichimbia choo, akakuta kuku amelalia mayai ndani.

"Kwani hii choo hakuna mtu anatumia?" akamuuliza mama wa pale.

"Baba mkwe hawezi ingia kama namwona," mama akajibu akiangalia chini. "Na mimi siwezi ingia pale ameingia. Sasa tukaachia kuku."

Mzee alicheka njia nzima, lakini alipofika nyumbani hakula. Hapa Ukambani mkaza mwana na baba mkwe huheshimiana kwa umbali. Hawashikani mikono, na choo kimoja hawaingii. Heshima hiyo huitwa nthoni, na hakuna mtu aliyeishika kumzidi Mzee Munyao. Tangu siku hiyo alichimba vyoo viwili kwa kila boma, milango ikipeana mgongo, na aliyetaka kimoja tu aliambiwa atafute fundi mwingine.

Mwaka wa 2006, mwanawe Mbithi alipomleta Ndinda kutoka Ikutha, Kitui, choo cha bibi harusi kilikuwa tayari, na mlango umepakwa rangi ya samawati. Wengine hupokelewa kwa mbuzi. Ndinda alitaniwa kwao mwaka mzima.

Mama Kalunde alituacha mwaka wa 2011. Mwaka wa 2019 presha ya macho ilianza kumpokonya Mzee nuru, na kufikia 2022 alikuwa haoni kabisa. Mbithi alikuwa kazini Emali, akirudi Jumamosi, kwa hiyo siku nyingi nyumbani walikuwa Mzee na Ndinda peke yao. Aliomba afungiwe kamba ya mkonge kutoka mlango wa nyumba hadi mlango wa choo, akawa anaifuata mwenyewe. Kila asubuhi Ndinda alijaza kijerikeni cha kunawia, akatundika sabuni ndani ya soksi, akakohoa mara moja kumjulisha kwamba maji yapo, na kuondoka. Mzee naye alikohoa kujibu. Hivyo ndivyo walivyosalimiana.

Asubuhi ya tarehe 26 Machi mwaka huu, baada ya mvua, Ndinda alikohoa na hakujibiwa. Alimkuta Mzee ameanguka matopeni karibu na choo, amejichafua, na mguu haunyanyuki.

"Kaa huko," Mzee akasema. "Ita Mbithi."

"Mbithi ako Emali, baba."

Ndinda alisimama hatua tatu kutoka kwake. Alikuwa akilia.

"Nimeambia watu miaka hizi zote choo si aibu," Mzee akasema mwishowe. "Na mimi naona aibu kuliko wote. Kuja unishike mkono, mama."

Ulikuwa mkono wa kwanza kati yao kwa miaka kumi na tisa. Ndinda alimwinua, akamwosha, na tangu siku hiyo hakumwachia mtu mwingine kazi hiyo. Mzee Ndolo, mdogo wa marehemu, ambaye yuko nasi hapa, alikuja kusema kwamba mila imevunjwa na mbuzi lazima achinjwe. Mzee alimkubalia mara moja. "Mbuzi iko," alimwambia. "Lakini nyama yote ni ya Ndinda." Mzee Ndolo alikula supu tu, na ametukubalia tuliseme.

Madaktari walisema ni kiharusi. Cha pili kilimjia Agosti. Alfajiri ya Alhamisi, tarehe 7, aliomba kunawa mikono. Ndinda alipokuwa akimpangusa, alimwambia, "Hii karatasi yangu ya mazishi, wewe ndiyo utasoma." Alifariki kabla chai haijachemka.

Ameacha watoto wawili, Mbithi na Ndunge, mkaza mwana, Ndinda, mkwe, Mutie, wajukuu watano, na mdogo wake, Mzee Ndolo. Waliomtangulia ni mkewe Kalunde na mtoto wake Kanyiva, ambaye leo Mzee analazwa kando yake.

Si kawaida mkaza mwana kusoma wasifu wa baba mkwe, lakini anayewasomea ni Ndinda, kwa sababu aliagizwa. Leo asubuhi, kabla wageni hawajafika, alijaza kile kijerikeni, akatundika sabuni, akakohoa kama alivyozoea. Alisubiri kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akaja kusoma karatasi hii.

Lala kwa amani, baba. Maji yapo.