Muziki Aliouota Besi

Kula kiapo kwanza. Sema hutamwambia mtu, hata dada yako wa kule Plateau. Umeapa? Basi sogea, maana mji mzima unajua na ni wewe tu umebaki.

Ilikuwa mwaka ule baada ya Uhuru, watu wakichanga kununua mashamba ya wazungu. Kwenye benchi ya kahawa ya Wahu, nyuma ya soko la Eldoret, waliketi wanaume wasio na ekari hata moja, lakini Uasin Gishu yote walishaigawa kwa mdomo. Mwalimu Nderitu alikuwa ameandika shairi la kuipenda nchi, ili aliweke katika kitabu cha nyimbo cha shule. Shairi lilikosa muziki. Kipkemboi, waliyemwita Besi kwa ile sauti yake ya kutoka tumboni, akasema muziki anao, ametunga mwenyewe. Alitaka kitu kimoja tu: jina lake lipigwe chapa chini ya shairi, watoto wa Kenya walisome. Siku hiyo ndiyo Mwalimu angekata shauri.

Besi akauimba. Ulikuwa muziki wa polepole, wa vinanda vikubwa, unapanda kama mtu anayepanda mlima wa Timboroa na gunia la viazi.

— Huu si wa kwetu, akasema Wamalwa fundi viatu, aliyeitwa Spika kwa sababu hakuwahi kungoja ruhusa ya kusema. Huu ni wa wazungu waliokufa zamani.

— Wacha mchezo, bwana. Niliuota, Besi akasema. Mtaka cha mvunguni sharti alale.

Wahu akasema pengine aliletewa na malaika. Spika akakubali ni malaika, ila wa kizungu, aliyeachwa nyuma kwa kukosa nafasi kwa ndege. Mwalimu akaongeza kwamba wazungu wakiondoka muziki wao hubaki hewani, na mwenye kifua kipana huuvuta kama homa. Benchi ile haikuwahi kushindwa kueleza kitu, hasa kitu isichokijua.

— Imba tena, sasa na maneno yangu, Mwalimu akasema, akitoa kalamu. Nikiridhika, naandika jina.

Besi akasimama, akafumba macho, akaimba kama mtu anayezikwa na serikali.

Barabarani, mama mmoja mgeni, Chelimo, alikuwa anaswaga ng'ombe walionunuliwa pamoja na shamba, kuelekea Kimumu. Ng'ombe wakasimama. Kisha wakageuka, wakapita katikati ya vikombe, wakajipanga mstari mbele ya Besi, maziwa yakiwadondoka yenyewe.

Chelimo akaja mbio na fimbo, akaomba radhi. Yule mzungu aliyeuza shamba, akaeleza, alikuwa akiwapigia gramafoni zizini wakati wa kukamuliwa, sahani ile ile moja ya muziki huu, miaka yote.

— Lakini Mzee, akauliza, wewe sahani yetu uliisikia wapi?

Besi alifungua kinywa aitaje ndoto, akaona kila mtu anatazama chini. Naye akatazama. Alikuwa amechuchumaa, kichwa kimeegemea ubavu wa ng'ombe, na mikono yake miwili, ambayo hakuna aliyeituma, ilikuwa inakamua ndani ya kikombe cha Mwalimu.