Uzito wa Helikopta ya Mbao

Mgeni rasmi, Bwana Mkaguzi wa Mafunzo ya Marubani, Assalamu alaykum.

MAKARIBISHO
Karibu Msuka. Tumefagia, tumetandika mikeka mipya na kahawa iko jikoni. Ulichelewa kuja, lakini mgeni halaumiwi.

HISTORIA
Mwaka jana, 1959, kampuni yako ilijenga hapa helikopta ya mbao isiyo na injini, marubani wajifunze humo kabla ya kuruka kweli. Madirisha yalizibwa kwa turubai wasione nje. Sisi tulipitisha miti chini yake, tukaibeba mabegani na kuiyumbisha, mwalimu akitupigia filimbi: huu upepo, huku kuanguka baharini.

Kubeba watu juu ya miti tulikujua kwa namna moja tu, ile ya jeneza: bega kwa bega, kwa kupokezana, kimya. Bi Mwanapili alipotuona alisema, "Ntu hai hachukuliwi vivyo, wanangu." Tukamcheka. Mwanawe Hija ndiye aliyekuwamo, kijana wa kwanza wa Msuka kufundishwa kuwaopoa watu baharini kwa kamba.

MAFANIKIO
Marubani walifaulu. Mwalimu alisema tunawaangusha vizuri kuliko bahari yenyewe. Tulijivuna, hatufichi.

MATATIZO
Mwezi wa Rajabu Hija na rubani wake waliruka katika helikopta ya kweli, wasirudi. Ofisi yako ikaitia kufuli ile ya mbao, ikatuagiza tuitunze hadi ije amri. Haikusema kama wamekufa.

Tangu hapo inazidi kuwa nzito. Huwa tunaisogeza tufagie chini yake. Zamani, ikiwa tupu, watu wawili walitosha. Sasa twaingia wanane na twatoka jasho. Mabega haya yamewazika majirani wengi, yanajua uzito wa ubao na uzito wa mtu. Chini yake tunakuta maji ya chumvi, na bahari haifiki hapa, na mvua haijanyesha. Tunaogopa, Bwana Mkaguzi.

Aliye taabuni zaidi ni Mize, mke wa Hija. Kukaa eda hawezi, maana hakuna aliyemwambia kuwa ni mjane. Kujipamba hawezi, maana mume hayupo.

MAOMBI
Tulitaka kuomba bati za skuli, tumeliacha hilo. Tunaomba utuambie Hija yu hai au amekufa. Kama nawe hujui, ufunguo wa kufuli unao. Fungua mbele yetu, sisi tutashika miti isiyumbe.

Ila usiwe wa kwanza kuchungulia. Mpishe Mize. Ndiye yule aliyesimama kando ya mlango wa helikopta tangu asubuhi, na alichokumbatia ni nguo kavu za mumewe.

Mola akujaalie safari yenye kurudi, na kila umtumaye arudi kwao.

Ni sisi,
Wachukuzi wa Helikopta ya Mbao, Msuka.
Imesomwa kwa niaba yao na Msellem Vuai.