Mama Maana Yake na Tangazo la Siku Kumi na Nne

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka mama aliyekuwa mpiga chapa wa halmashauri kwa miaka ishirini na sita. Wengi hatukulijua jina lake. Tulimwita Mama Maana Yake.

Jina hilo alilipata kihalali. Alipostaafu, kila Jumatatu alikwenda kwenye ubao wa matangazo wa halmashauri, miwani yake imefungwa kwa uzi. Alisoma tangazo kwa sauti, akawageukia waliokuwapo, akasema, "Maana yake ni hivi." Hakulipwa. Hakugombea cheo.

"Nilimuuliza, mama, umestaafu, unafuata nini kule?" anasimulia binti yake. "Akaniambia, 'Mwanangu, yale maneno magumu niliyapiga chapa kwa vidole vyangu mwenyewe. Watu wakiumia nayo, na mimi nimo.'"

Mnaikumbuka habari ya zahanati ya kina mama? Tangazo lilisema huduma zake "zitaoanishwa na kituo mbadala". Watu walisoma, wakaenda zao. Wengine walidhani inapakwa rangi. Mama Maana Yake alilisoma mara mbili, kisha akaenda moja kwa moja kwenye foleni ya zahanati.

"Maana yake inafungwa," aliwaambia. "Mtajifungulia ng'ambo ya barabara kuu, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Pingamizi zinapokelewa siku kumi na nne tangu tarehe iliyoandikwa juu ya tangazo. Kumi zimeshapita."

Siku nne, wasikilizaji wapendwa. Zilibaki siku nne tu.

Hakuwaandikia hotuba. Aliwaeleza kazi ya diwani ni ipi, kamati hukaa lini, na kwamba kikao kile mkazi anaruhusiwa kuingia, tena anaruhusiwa kuuliza. Siku ya nne ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mwenyekiti akaisoma ile karatasi. Dobi mmoja, mwanamke mwenye mimba ya miezi minane, akasimama ameshika kiuno.

"Mheshimiwa, samahani. Kuoanishwa maana yake nini?"

Mwenyekiti akaangalia karatasi. Akamwangalia katibu. Katibu akaangalia kalamu yake. Hakuna aliyethubutu kusema "kufungwa" mbele ya tumbo lile. Uamuzi ukaahirishwa, na mwezi uliofuata mpango wenyewe ukafutwa kabisa. Zahanati ipo mpaka leo. Dobi alijifungulia pale pale, mtoto wa kike.

Na mwenyekiti? Tangu hapo, kabla ya kila kikao, alibisha hodi kwa Mama Maana Yake, karatasi kwapani. "Mama, hebu nieleze hii ninayotakiwa kuisoma." Binti anacheka kila akilikumbuka hilo.

Miaka mitatu ya mwisho, macho ya mama yaliingia giza. Watu wale wale aliowasomea, wakaanza kumsomea yeye. Wiki moja kabla hajafariki, dobi alikaa kando ya kitanda, akamsomea tangazo jipya la viwanja. Akalieleza kipengele kwa kipengele: nani anaamua, lini, na wapi pa kupeleka malalamiko. Kisha akasubiri kusahihishwa.

"Mama alitabasamu," anasema binti. "Akasema, 'Sina la kuongeza.'"

Kwa binti, wajukuu na majirani: poleni sana. Msiba huu ni wetu sote. Mama apumzike kwa amani. Nasi tulio hai tujiulize: ubao wa halmashauri bado upo, na asubuhi hii umebandikwa karatasi mpya. Ni nani kati yetu amezisoma?