Roboti ya Kurudi Nyuma

Mbele ya kibanda cha Clotilde, pale Kakuma, kuna benchi ambayo haijawahi kukosa mtu wa kujua kila kitu. Asubuhi hiyo mjuaji mkuu alikuwa Lotiir, jina la kijiwe Digrii: miaka minne ya kompyuta chuoni, miwili ya kutembeza vyeti, na hasira ya kutosha kaunti nzima. Kati ya miguu yake alibana begi. Ndani mlikuwa na roboti ya klabu ya wasichana, kigari cha nyaya chenye magurudumu ya mpira wa akala, ambacho jana aliomba akiangalie “kidogo tu.” Chuoni roboti aliiona kwa picha tu, ukutani. Hii aliifungua kwa raha, akaifunga kwa jasho, na sasa ilikuwa inarudi nyuma tu. Gari la kuwapeleka wasichana kwenye mashindano ya roboti Lodwar lilikuwa njiani. Nahodha wao, Nawoi, akikatazwa na babake, safari imekufa, na hakuna atakayeuliza roboti iko wapi.

— Dizeli, nakwambia kama ndugu, — alimwambia Ekwam, babake Nawoi, dereva wa lori wa zamani. — Computer science ni njaa yenye cheti. Niangalie. Unataka Nawoi akuwe hivi?

Ekwam alimwangalia viatu kwanza, kisha uso.

— Hapana.

— Na ile mashini ni hatari, — akadakia Gai, muuza betri kutoka kambi ya wakimbizi, anayeitwa Redio kwa sababu hazimiki. — Ngoja ifundishwe kuchunga. Mwizi anabonyeza akiwa Uganda, mbuzi zako zinatoka zenyewe, kwa laini, kama watoto wa shule.

— Zangu hazijui laini.

— Zitafundishwa.

— Ile kitu iko na macho, — alisema Clotilde, Mkongo, akimimina kahawa. — Minaiona kwa kanisa. Itapanga foleni ya posho mbele yetu, ibebe unga yote.

— Na haikuli, — alisema Ekwam. — Unga inapeleka wapi?

— Inauzisha.

Digrii aliona uongo unamwacha nyuma.

— Exactly. Na mahari je? Nani ataleta ngamia kwa msichana mwenye anaongea na chuma?

Hapo Ekwam aliweka kikombe chini.

— Sawa. Hapandi hiyo gari.

Digrii alipaswa kufurahi. Badala yake alimkumbuka Nawoi jana, akimkabidhi kigari kwa mikono miwili, kama mtu anayekupa mtoto mchanga.

Na Nawoi mwenyewe huyo, na sare ya shule.

— Ejok, — aliwasalimu. — Kaka Lotiir, gari imefika. Roboti yetu iko wapi?

Benchi nzima iligeukia begi.

— Digrii, — Ekwam alisema polepole. — Unanikatazia mtoto, na mashini umeikumbatia kwa miguu?

— Niliifungua kidogo, buda. Inarudi nyuma tu.

Redio alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Nawoi hakucheka. Alipiga magoti, akakitoa kigari, akakipindua.

— Tutarekebisha kwa gari. Ulianza kufungua wapi?

Digrii alitazama nyaya. Aliwatazama wenzake. Mjuzi wa wezi wa Uganda alikuwa anapangusa pua. Mjuzi wa foleni alichungulia ndani ya birika, ambalo halikuwa na kitu.

— Nawoi, panda, — alisema Ekwam, akimwinua Digrii kwa kola. — Na huyu mpande naye. Atakumbuka njiani.

Ndani ya gari wasichana walisogea, wakamwachia nafasi katikati. Mmoja akamwekea bisibisi mkononi.

— Shika hii, — akamwambia. — Na usifungue kitu.