Sherehe ya Mtu Aliyeacha Pombe

Aliyemwambia Tumpe habari ile mara ya kwanza ni Sauda, mke wa Jaffari muuza kahawa. Alimwambia bombani, huku akijikaza asicheke. Wanaume wa kijiweni walikuwa wanamwandalia Elisha, mume wa Tumpe, sherehe ya kumpongeza kwa kuacha pombe. Mbuzi amepatikana, ndizi zimepatikana, na kimpumu kimeshaagizwa. Tumpe akatua ndoo. Kimpumu ni pombe ya ulezi. Wanaume huzunguka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake, na maji ya moto huongezwa mpaka ladha iishe. Ndicho kilichompeleka Elisha kwenye nyumba ya upataji nafuu kule Mbeya, na tangu arudi, msimu wa mahindi mabichi, hajakigusa. Sauda alimpa trei ya kashata, akasema, "Mpelekee Jaffari, Mama Loyce. Ukasikie mwenyewe, nisije nikaonekana mwongo."

Kijiwe kipo njia panda ya kwenda Kyimo: benchi moja refu la mkaratusi chini ya kibaraza cha duka lililofungwa, na jiko la Jaffari pembeni. Manyunyu ya jioni yalikuwa yameanza. Tumpe alisalimia kwa sauti ndogo, akakabidhi trei, akakaa kwenye kigoda nyuma ya jiko, mwanawe Loyce akiwa amelala mgongoni.

Benchini walikuwepo watatu. Ackson waliyemwita Daktari, kwa sababu alilinda geti la zahanati miaka mingi. Tuntufye waliyemwita Mjumbe, kwa sababu aligombea ujumbe akashindwa, na tangu siku hiyo anahutubia kama aliyeshinda. Na Allen, Ukungu, ambaye akishakaa mahali haondoki mpaka jua limtoe.

— Shemeji, karibu, — alisema Mjumbe. — Umekuta kikao. Tunamjadili mumeo, ila kwa wema.

— Ndaga, asanteni, — alijibu Tumpe, akainamisha uso.

— Tumefikia kwenye chungu, — Mjumbe aliendelea. — Sherehe bila chungu, watu watauliza nani amefariki.

— Kunyweni kahawa, — alisema Jaffari.

— Wewe hujui. Umezaliwa na birika mkononi.

— Sijui, kweli. Ila nyumbani huwa nafika kwa miguu yangu.

Walicheka, na Mjumbe akacheka kuliko wote, maana ndiye aliyekuwa akibebwa zaidi.

— Shida si chungu, — alisema Ukungu. — Shida ni mrija. Mtu akikaa kwenye chungu bila mrija, wenzake watadhani ana ugomvi nao. Hatuwezi kumdhalilisha Elisha kwenye sherehe yake mwenyewe.

— Basi asikae kwenye chungu, — alisema Jaffari.

— Atakaa wapi? Na wanawake jikoni? Mimi nimeshafikiria. Tunampa mrija ulioziba. Nauziba mwenyewe kwa nta ya nyuki. Anavuta na sisi, hakuna kinachopanda.

— Atavuta mpaka macho yamtoke, — alisema Jaffari.

— Lakini amekaa na sisi, au siyo?

Daktari alitikisa kichwa taratibu, kama alivyowaona waganga wakifanya.

— Hilo la nta ni hatari. Kiu ya pombe inakaa kwenye ini, na ini lina masikio. Likisikia chungu kinachemka tu, limeamka. Mimi nimekaa zahanati, nimeona. Inatakiwa azibwe masikio kwa pamba, halafu redio iwe juu.

— Mtu amezibwa masikio, redio ya nini?

— Ya ini.

Hata Tumpe alitabasamu, akajificha nyuma ya moshi wa jiko. Hakuweza kuwachukia. Elisha alipokuwa Mbeya, watu hawa ndio waliompalilia maharage bila kuitwa. Ukungu alikuwa akimletea ndizi begani, anazitua mlangoni na kuondoka kabla ya kushukuriwa.

Mjumbe alisimama, akavuta koti.

— Wajumbe. Mimi naona Elisha awe mgeni rasmi. Akae kiti cha mbele, mbali na chungu. Tunafunga utepe kwenye chungu. Anakuja, anaukata, tunapiga makofi, anarudi kwenye kiti chake.

— Anafungua chungu halafu hanywi? — aliuliza Ukungu.

— Wangapi wamefungua zahanati na hawaumwi?

— Hapo umesema, — alikiri Daktari. — Lakini harufu? Mimi nashauri sherehe ihamie Kisiba, kule ziwani. Tunaangalia upepo unakotoka, mgeni rasmi tunamweka huko. Harufu yote inakwenda majini.

— Na upepo ukigeuka?

— Tunageuza kiti.

Wakabishana juu ya upepo wa Kisiba mpaka Jaffari akainamisha birika, yakatoka matone meusi matupu. Kahawa ilikuwa imekwisha. Daktari akajinyoosha. Ukungu, ambaye hakuna aliyeweza kumwinua asubuhi, akawa wa kwanza kuinuka. Miguu yao yote ilikuwa imeelekea upande mmoja, kupanda barabara, kwenye kilabu cha pombe cha Esnath.

Tumpe aliiona ile miguu. Akakumbuka jambo alilosema Elisha usiku wa kwanza aliporudi: kwamba harufu anaiweza, chungu anakiweza, asichokiweza ni saa ile wenzake wanapoinuka. Ndiyo maana hapiti tena kijiweni. Anapita kwenye mashamba ya chai, njia ndefu yenye tope, anafika nyumbani na kukaa mlangoni kimya, akisikiliza vicheko vinavyotoka mbali. Tumpe aliogopa kukaa kule kwa kimya kuliko alivyoogopa chungu.

Hakuwahi kuongea mbele ya wanaume wale zaidi ya salamu.

— Shemeji zangu, naomba kuuliza.

— Uliza, shemeji, — alisema Mjumbe. — Kama ni mbuzi, ni dume.

— Sherehe itaisha. Kesho yake mtakaa hapa, kahawa itakwisha, mtainuka hivi hivi kwenda kwa Esnath. Yeye aende na nani?

Mjumbe akavuta koti.

— Suala hilo, wajumbe... — alianza, akakaa.

Jaffari alisuuza vikombe polepole, kwa makini kuliko siku zote. Loyce aliamka, akalia kidogo, na Tumpe akapata sababu ya kuaga. Alipofika kwenye kona aligeuka. Walikuwa wameinuka, lakini mmoja mmoja, na hakuna aliyemwambia mwenzake twende.

Asubuhi iliyofuata, Elisha alipokuwa anafunga viatu, Tumpe alimweleza yote: utepe, nta, ini lenye masikio. Elisha alicheka mpaka akashika ukuta. Tumpe hakuwa amekisikia kicheko kile tangu arudi.

— Mbuzi nitamla, — alisema, akifuta macho. — Waambie chungu wakafungue wenyewe.

— Utawaambia wewe. Leo jioni pita kijiweni. Kaa, unywe kahawa. Wakianza kuinuka, mimi nitakuwa nimeshafika, turudi wote.

Elisha alimtazama.

— Usimame pale, mbele ya wale wote? Kila siku? Hutaona aibu?

— Nitaona, — alisema Tumpe, akaendelea kumenya ndizi.