Wifi Kwenda na Wifi Shuka

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo naanza na swali, na tafadhali msikimbilie kujibu.

Chukua mawe mawili yanayofanana. Panda juu ya meza. Moja liachie tu, lidondoke. La pili lirushe mbele, sambamba na sakafu, kwa nguvu zako zote. Yatoke mkononi kwa wakati mmoja. Lipi litagusa chini kwanza?

Hapa kituoni nimeuliza tangu asubuhi. Fundi mitambo wetu kasema lililoachiwa, bila hata kuinua macho. Mlinzi wa getini kasema hivyo hivyo, akanishangaa: lile la kurushwa lina safari ndefu, litaachaje kuchelewa? Na mimi nilikuwa upande wao, kwa moyo mmoja. Basi shikilieni majibu yenu hapo hapo. Mwanamke tunayemkumbuka leo aliishi na swali hili tangu utotoni, na nusura limvunjie nyumba.

Tunamkumbuka mwalimu wa fizikia. Wanafunzi walimwita Mwalimu Dondosha, kwa sababu hakuna kitu kilichopita mikononi mwake kikakosa kudondoshwa. Chaki, funguo, viatu vyake mwenyewe. Alifundisha shule moja ya sekondari mpaka akastaafu. Ametutoka wiki iliyopita, hospitalini, baada ya kuugua kifua kwa muda mfupi. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi: tunamkumbuka Mwalimu Dondosha, mwalimu wa fizikia, aliyefariki wiki iliyopita.

Mume wake ni fundi wa kuchomea vyuma. Nilimkuta karakanani kwake, miwani ya kazi imepanda kwenye paji la uso, akanipangusia kigoda kwa kiganja. Anasema mkewe alianza udadisi akiwa mtoto, kwenye bomba la kumwagilia bustani. Aliona maji yakitoka yamenyooka, halafu yanajipinda, yanaanguka. Akamuuliza mama yake, kwa nini yanapinda?

"Yamechoka," mama akajibu.

"Yamechoka nini, na yametoka sasa hivi?"

Jamani! Hebu fikiria unaulizwa hivyo na mtoto, na wewe una nguo za kufua. Mama alimfukuza bustanini. Lakini mtoto alirudi. Akashika bomba, akalilaza, maji yakaanguka karibu. Akalisimamisha, yakamrudia kichwani. Akaliinamisha katikati, si la kulala si la kusimama, yakafika mbali mpaka yakamlowesha jirani aliyekuwa anaanika nguo. Alipigwa siku hiyo. Mumewe anasema mpaka uzeeni alikuwa akiisimulia fimbo ile kwa fahari, kama mtu anayesimulia cheti.

Sasa tuingie kwenye nyumba. Alipoolewa, alihamia nyumba ya familia ya mumewe. Nyumba ya ghorofa moja, yenye ua mdogo. Chini aliishi dada mkubwa wa mume, fundi cherehani. Huyo ndiye wifi yake. Cherehani yake ilikaa kibarazani, na kamba ya kuanikia nguo ilikatiza ua kutoka ukuta hadi ukuta. Juu waliishi mwalimu na mumewe, na kulikuwa na roshani inayotazama ua ule ule.

Siku moja mwalimu aliamua kupima kwa vitendo somo lake la vitu vinavyorushwa. Mumewe alimletea gololi ya chuma kutoka karakanani. Akaweka ubao wa mteremko pale roshanini, mwisho wake umelala sawasawa, ili gololi itoke imenyooka mbele. Akapiga hesabu: urefu wa roshani ni huu, kasi ya gololi ni hii, basi itaangukia pale. Pale akaweka beseni la mchanga. Na ili aone vizuri itakapogusa, akaichovya gololi kwenye wino wa bluu.

Akaiachia.

Hesabu ilikuwa sahihi, wasikilizaji. Beseni lilikuwa mahali pake. Ila katikati ya roshani na beseni, kwenye kamba, lilikuwa linaning'inia gauni la bibi harusi. Jeupe. Limepigwa pasi. Linasubiri mwenyewe aje kulichukua kesho yake.

Gololi ililipiga kifuani, ikateremka nalo taratibu mpaka kwenye pindo. Bluu tupu!

Wifi alitoka mbio. Mwalimu akashuka ngazi mbio. Na hapa ndipo alipoharibu, maana neno la kwanza lililomtoka halikuwa pole. Alisema, "Lakini hesabu ilikuwa sahihi."

Nilimuuliza wifi, siku ile kilichokuudhi ni nini hasa? Akanijibu bila kusita: "Penye wino ningepafumua, na nilipafumua. Nilishona kifua kizima upya, bibi harusi hakujua. Neno lake ndilo lililonikaa hapa." Akajigusa kooni.

Tangu siku ile wakanyamaziana. Si wiki, si mwezi, ni miaka. Wanaishi nyumba moja, wanatumia mlango mmoja, wanapishana ngazini kila mmoja anatazama ukuta wake. Maneno yote yalipitia kwa mume. "Mwambie huyo mkeo maji yamekatika." "Mwambie dada yako nimesikia." Na wote watatu wako chumba kimoja! Mume anasema kuna siku alitamani kuwatoza nauli.

Ndipo, katika miaka hiyo ya kununiana, mwalimu akapata namna mpya ya kufundisha mwendo wa kitu kilichorushwa. Mwanafunzi wake mmoja wa zamani, ambaye leo ni muuguzi, bado analikumbuka somo lile. Mwalimu alisimama akasema:

"Kuna mawifi wawili wanaishi nyumba moja. Mmoja anaitwa Wifi Kwenda, mwingine Wifi Shuka. Hawasemeshani. Wifi Kwenda akishasukumwa mara moja, anakwenda mwendo wake ule ule, haongezi, hapunguzi. Upepo tuuache nje kwanza, usituvurugie. Wifi Shuka yeye anaanza polepole, halafu anazidi kasi, anazidi kasi, kwa sababu dunia inamvuta bila kumpumzisha. Kwenda hamwambii Shuka, ningoje. Shuka hamwulizi Kwenda, umefika wapi. Kila mmoja na lake. Lakini jiwe ni moja, na sisi tunachokiona kwa macho ni upinde."

Darasa likaelewa. Tatizo ni kwamba lilielewa kupita kiasi.

Maana mwaka ule wifi alikuwa amepata kazi ya kushona mashuka ya hospitali. Shuka kibarazani, shuka kwenye viti, shuka mpaka mlangoni. Muuguzi wetu, wakati huo msichana wa shule, akaenda kupimwa sketi. Akayaangalia yale mashuka, akamwangalia fundi, akauliza kwa heshima zote: "Samahani mama, wewe ndiye Wifi Shuka?"

Ajabu ni kwamba mwalimu aliapa mpaka mwisho kuwa hakuwahi kufikiria mashuka. Alifikiria kushuka tu, kuteremka, basi. Mimi namwamini. Lakini wewe ungekuwa wifi, ungemwamini?

Wifi hakumwamini. Alikuwa tayari ameshapanga chumba mtaa wa pili, na sasa akafunga virago. Akaagiza pikapu ije kuchukua cherehani. Mdogo wake, mume wa mwalimu, alimbembeleza, akamwambia dada, hii ni nyumba ya wazazi wetu, ukiondoka tumekwisha. Wapi! Alisema ataondoka, ila kwanza ataenda shuleni, akasikie kwa masikio yake anavyosemwa mbele za watoto wa watu.

Akaenda, wasikilizaji. Aliingia darasani na futi ya kupimia ikiwa bado shingoni, akakaa dawati la nyuma.

"Endelea, mwalimu," akasema. "Nimekuja kumsikia Wifi Shuka."

Muuguzi anasema darasa zima liligeuka kutazama nyuma. Mwalimu alisimama na chaki mkononi, na kwa mara ya kwanza hakuidondosha. Halafu akaendelea, kwa sauti ndogo. Akaeleza tena habari za Kwenda na Shuka, na kwamba hawaingiliani. Wifi akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, na lilikuwa swali la mtu aliyesahau amekuja kugomba:

"Sasa huyo Kwenda akisukumwa kwa nguvu sana, akakimbia sana, hamcheleweshi mwenzake kufika chini?"

Mwalimu akang'aa uso mzima. "Swali zuri hilo, wifi!" Yalimtoka yenyewe. Miaka yote ile, na neno la kwanza ni hilo. "Nani ana vitu viwili vinavyofanana?"

Wifi akaingiza mkono mfukoni, akatoa vifungo viwili vya koti.

Wakasimama ukingoni mwa meza ya mbele. Mwalimu akaweka kifungo chake ukingoni, tayari kukipiga kwa kidole kiruke mbele. Wifi akashika chake pembeni, kimo kile kile. Wanafunzi wakaambiwa wafumbe macho, wasikilize tu. "Haya, pamoja. Achia!"

Ta.

Mlio mmoja. Narudia: mlio mmoja. Kifungo kimoja kiko miguuni pa wifi, kingine kimefika karibu na mlango, na vyote vimegusa sakafu kwa wakati mmoja.

"Rudia," wifi akasema. "Na mara hii piga kwa nguvu zaidi."

Ta. Mlio mmoja tena, na safari hii kifungo cha mwalimu kilitoka mpaka nje. Basi fundi mitambo na mlinzi wa getini, poleni sana. Tumekosa sote. Kitu kilichorushwa sambamba na sakafu hakichelewi hata kidogo. Kimo kikiwa kimoja, vinafika pamoja, hata kama kimoja kimekwenda mbali na mwenzake.

Wanafunzi walipiga makofi. Wifi hakupiga. Alikuwa amesimama pale pale mezani, karibu kabisa na mwalimu, na akauliza polepole, "Na gauni?"

Mwalimu akafungua mdomo. "Hesabu ilikuwa..."

Muuguzi anasema aliiona chaki ikivunjika mkononi mwake.

"Nilikosea, wifi. Nilitazama beseni tu. Sikutazama kazi yako iliyokuwa njiani. Nisamehe."

Wifi alifika nyumbani akakuta pikapu getini, dereva amekunja nne anasubiri. Mume anasema dada yake hakueleza lolote. Alimwambia dereva samahani kwa usumbufu, akaingia ndani, akafungua virago kimoja kimoja. Jioni akapaza sauti kutoka chini ya ngazi: "Wifi! Njoo unishikie kitambaa hiki!" Mume alikuwa ameshainuka kwenda kupeleka ujumbe, kwa mazoea. Ikambidi akae.

Wakaishi hivyo, wakitaniana mpaka majirani wakachoka nao. Hospitalini, siku za mwisho, wifi ndiye aliyekaa naye. Nilimuuliza walikuwa wakiongea nini. "Upuuzi," akasema, akacheka, halafu akalia. "Tuliongea upuuzi mtupu, mpaka pumzi ikamwishia. Sasa nina mengi ya kumwambia. Ile miaka tuliyonuniana, najiuliza tulikuwa tunaitunza ya nini? Naitaka. Nipeni hata siku moja ya ile miaka, nimwambie hata kwamba maji yamekatika."

 

Kwa mume wake, fundi wetu wa vyuma, tunasema pole. Kwa wanafunzi wake wote, waliotawanyika kila upande, poleni. Lakini mtaniruhusu leo, pole ya kwanza kabisa niipeleke kwa wifi. Tumezoea kumpa mjane, tukampa mtoto, wifi tukamsahau nyuma huko akipika chai ya msiba. Pole sana, mama. Umefiwa na mtu wako.

Na wewe unayenisikiliza, nina ombi. Inawezekana humo nyumbani mwako kuna mtu unayemtumia salamu kupitia mtoto. Labda yuko chumba cha pili, labda na yeye anaisikia redio hii hii kupitia ukutani. Kipindi kimebakiwa na dakika chache na nilikuwa nimewaandalia muziki. Achana nao. Zima redio, inuka, umwendee.